Nani Kakwambia Wewe ni Hadikoo?

Ukianzisha Fire Emblem Awakening, gemu la vita la kusogeza askari mraba kwa mraba, kwenye Nintendo 3DS, kabla hujamwona adui hata mmoja, menyu inakuuliza mambo mawili. La kwanza ni kiwango cha ugumu. La pili ndilo lenye mtego: Casual au Classic? Kwenye Classic, askari wako akiuawa vitani ndiyo basi, humchezeshi tena mpaka gemu liishe. Kwenye Casual, aliyeanguka anarudi vita inayofuata kana kwamba alikwenda kunywa maji.

Nilichagua Classic bila kufikiri hata sekunde mbili. Nilikuwa peke yangu chumbani, hakuna aliyekuwa ananitazama, na bado niliona aibu kusogeza kishale juu ya lile neno jingine.

Kisha akaja Donnel. Donnel ni kijana wa shamba anayevaa sufuria kichwani badala ya kofia ya chuma, na siku anayojiunga nawe ni dhaifu kiasi kwamba adui yeyote akimsogelea unafumba macho. Lakini ukimvumilia, ukamwachia amalizie maadui ambao wenzake wameshawachosha, anakua na kugeuka moto wa kuotea mbali. Nilimlea huyo mtoto jioni nyingi. Siku moja nikamweka mraba mmoja mbele kuliko inavyostahili, akatokea mpanda farasi ambaye sikumpigia hesabu, na sufuria ikalala chini.

Nikabonyeza L, R na Start kwa pamoja. Gemu likajizima na kurudi mwanzo, nami nikaianza vita upya.

Hivyo ndivyo nilivyomaliza Awakening nzima. Kila aliyekufa, nilirudi nyuma nikamfufua. Ukinifanyia hesabu ya haki, nilikuwa nacheza Casual kama wengine, ila mimi kila ufufuo niliulipia nusu saa ya kurudia hatua zile zile kwa hasira. Na kila nilipoulizwa nimelimaliza kwa modi gani, nilijibu kifua mbele: Classic.

Kwa wasiokaa sana kwenye mabishano yetu, nieleze maneno haya mawili. Kazuali ni mchezaji anayesemekana kucheza kwa kupitisha muda: anagusa, anafurahi, anaacha. Hadikoo ni sugu, kindakindaki, yule anayejua fremu ngapi zinapita kati ya kubonyeza na kupiga, na ambaye likizo zake hupangwa kufuata tarehe za kutoka kwa magemu. Kwenye ajira, neno lile lile la casual sisi tunaliita kibarua. Mtu wa kuja na kuondoka, jina lake halimo kwenye daftari la kudumu. Sidhani kama kuna tafsiri inayokaribia zaidi jinsi wachezaji sugu wanavyowaona wengine, yaani vibarua waliokuja msimu wa mavuno na ambao kesho hawapo.

Zamani nami niliamini kwamba hii ni picha ya watu halisi, kwamba ukikata dunia ya wachezaji katikati utapata makundi mawili, na kila kundi lina magemu yake na tabia zake za kununua. Siku hizi naona vingine. Maneno haya yamefanya kazi kubwa zaidi kama maelezo ya mauzo, hasa mauzo yaliyomshangaza mtu fulani aliyedhani anaijua biashara. Na hesabu zenyewe, ukizifungua na kuzisoma, hazimpi mtu huyo ushahidi anaoutaka.

Tubaki kidogo na Fire Emblem, kwa sababu hapo lebo imeandikwa waziwazi kwenye skrini. Mfululizo huu ulianza 1990 kwenye Famicom, konsoli ya Nintendo ya enzi hizo, na kifo cha moja kwa moja kilikuwa ndiyo sahihi yake. Modi ya Casual iliingizwa mara ya kwanza 2010, katika toleo la Nintendo DS lililouzwa Japani tu. Wakati huo mauzo yalikuwa yanadorora, na watengenezaji wamesimulia hadharani kwamba walipokuwa wakiandaa Awakening waliambiwa kuwa lisipofikisha nakala 250,000, mfululizo mzima utafungwa. Ndiyo maana gemu lile limejaa kila kitu: ndoa, watoto wanaokuja kutoka wakati ujao, marafiki wanaopigana bega kwa bega. Waliliandaa kama karamu ya kuagana. Likauzwa kwa mamilioni, likafungua njia kwa Three Houses ya 2019 iliyopita nakala milioni 3.

Sisemi kwamba modi ya Casual peke yake ndiyo iliyouokoa. Karamu yenyewe ilikuwa tamu. Ninachosema ni kwamba mlango uliofunguliwa kwa ajili ya "vibarua" ndio uliowawezesha kindakindaki kuendelea kupata chakula chao, na hakuna kitu kilichoondolewa mezani. Classic ipo pale pale. Nami niliichagua, nikaichezea uongo.

Zamani hakukuwa na haja ya majina haya. Pac-Man ya 1980 ilibuniwa na Toru Iwatani kwa nia iliyo wazi ya kuwavuta wanawake waingie kwenye kumbi za magemu ambazo zilijaa vyombo vya angani na risasi. Kula ndilo wazo lililompa kile kiduara chenye mdomo. Tetris aliitengeneza Alexey Pajitnov mjini Moscow mwaka 1984, na ilipofungwa pamoja na Game Boy miaka mitano baadaye, hakuna aliyesema mashine imeuzwa kwa watu wasio wachezaji. Waliicheza wote, ikawa gemu tu. Myst ya 1993 ilikuwa ya taratibu, haina maadui wa kupiga, imetulia kama maktaba, na ndiyo iliyokuwa gemu la kompyuta lililouzwa zaidi mpaka The Sims ilipoipita 2002. Wapo waliolibeza Myst kuwa ni onyesho la picha za kubofya. Kebehi hiyo ndiyo naiona kama mbegu. Wazo kwamba kuna mauzo ya kweli na mauzo ya bahati lilikuwepo tayari, likisubiri jina.

Jina lilikuja kukaa vizuri miaka ya mwanzo ya 2000, pale vitu kama Bejeweled vilipoanza kuuzwa kupitia intaneti kwa watu ambao hawakuwahi kukanyaga rafu ya magemu. Lakini vita yenyewe ilikuwa bado. Vita ilikuja na rimoti nyeupe.

Nintendo Wii ilitoka Novemba 2006, wiki ile ile ambayo PlayStation 3 iliingia Marekani. PlayStation 3 ilikuwa na nguvu, ilikuwa na Blu-ray, na toleo lake kubwa liliuzwa dola 599. Wii ilikuwa dola 249, mashine yenye nguvu zisizozidi sana za GameCube iliyoitangulia, na kontrola yake unaishika kwa mkono mmoja na kuipunga kama raketi. Ndani ya boksi, karibu kila mahali isipokuwa Japani, kulikuwa na Wii Sports: tenisi, besiboli, boulingi, gofu, ndondi. Wanasesere wasio na miguu wanapiga mpira.

Nakumbuka jinsi nilivyocheka. Nilicheka mpaka nilipochezeshwa boulingi na watu wa nyumbani ambao kwa miaka yote walinipitia pale kwenye kochi kama wanaopita karibu na friji. Walinifunga. Kisha wakaniambia nisogee, wanataka kucheza wao kwa wao.

Wii ilimaliza na konsoli milioni 101.63. GameCube ilikuwa imeishia milioni 21.74. Ukiwa umesimama kwenye kampuni pinzani, au kwenye kampuni inayotengeneza magemu ambayo iliamua mapema kwamba Wii itafeli na ikaelekeza pesa zake zote kwingine, unahitaji maelezo ya haraka kwa wenye hisa. Maelezo yakapatikana: wale si wachezaji, ni kazuali. Wamenunua mashine kwa ajili ya tenisi, wataitupa kabatini, hawatanunua gemu la pili. Sizitaki mbichi hizi, alisema sungura.

Nililiamini hilo kwa muda mrefu sana, na nililirudia kwa watu, mpaka siku nilipokaa na jedwali la Nintendo lenyewe. Kampuni hiyo huchapisha jumla ya konsoli na jumla ya magemu yaliyouzwa kwa kila mashine yake, kwa hiyo mtu yeyote mwenye kikokotoo anaweza kugawanya.

Magemu ya Wii: milioni 921.85. Gawanya kwa konsoli, unapata magemu 9 kwa kila mashine.

Sasa chukua Nintendo 64, mashine ambayo wachezaji sugu wa rika langu huitaja kwa sauti ya chini kama wanaotaja marehemu. Konsoli milioni 32.93, magemu milioni 224.97. Hiyo ni 6.8. Super Nintendo, enzi ya dhahabu ambayo kila mzee wetu anaapia: 7.7. Famicom na NES (jina lake la nje ya Japani) kwa pamoja: 8.1. GameCube, 9.6, ndiyo pekee katika hizo iliyoipita Wii, tena kwa nusu gemu.

Najua utakachosema. Wii Sports inahesabiwa humo, na ilikuwa ya bure ndani ya boksi. Sawa, itoe. Toa nakala zote milioni 82.9, hata zile zilizonunuliwa peke yake Japani. Bado unabaki na magemu 8.2 na ushee kwa kila konsoli. Kibarua aliyeambiwa hatanunua kitu alinunua kuliko kindakindaki wa Super Nintendo.

Nikafanya hivyo hivyo kwa mashine za mkononi, maana Nintendo DS nayo ilitukanwa kwa sababu ya mbwa wa Nintendogs na mafumbo ya Brain Age, yaliyouza karibu milioni 24 na milioni 19. Game Boy: magemu 4.2 kwa kila mashine. Game Boy Advance, ile ya kindakindaki kweli kweli, yenye Metroid na Castlevania zake: 4.6. DS: 6.2. Niliirudia hesabu mara mbili nikidhani nimekosea kubonyeza.

Wastani unaficha mambo, ni kweli. Inawezekana kulikuwa na mtu mmoja mwenye diski 40 na majirani wanne wenye mbili mbili. Inawezekana rafu za Wii zilijaa takataka za bei rahisi, na kwa hakika zilijaa. Nimezinunua baadhi na sitazitaja. Lakini dai halikuwa kwamba walinunua takataka. Dai lilikuwa kwamba hawanunui. Watu walilisema hilo kwenye mikutano wakiwa wamevaa suti, na jedwali lilikuwa wazi kwa yeyote.

Kulikuwa na ushahidi wao pia, tusiwanyime. Mwaka 2009 Sega ilitoa MadWorld ya PlatinumGames kwenye Wii, gemu la rangi nyeusi na nyeupe lenye damu nyekundu inayoruka kila kona. Wahakiki walilisifu, wanunuzi hawakuja. Basi likawa kielelezo: mnaona, hadikoo haliuziki kwenye Wii. Ila Super Smash Bros. Brawl, gemu ambalo watu wanalifanyia mazoezi kama karate, liliuza zaidi ya milioni 13 kwenye mashine hiyo hiyo. Super Mario Galaxy, zaidi ya milioni 12. Resident Evil 4, likiwa tayari limeshauzwa kwenye GameCube na PlayStation 2, lilirudi kwenye Wii na kuuza tena zaidi ya milioni. MadWorld lilikuwa gemu fupi, la ajabu, lenye ladha ya watu wachache, na lingekuwa hivyo popote. Mtu akikosa wateja wa pilipili kichaa hasemi mtaa mzima haupendi chakula.

Mtu aliyekuwa nyuma ya haya yote, Satoru Iwata, rais wa Nintendo wakati huo, hakuwa mfanyabiashara aliyetua kutoka mbinguni. Alianza kama mwandishi wa programu HAL Laboratory, na katika hotuba yake kwa watengenezaji wa magemu mwaka 2005 alisema kuwa kwenye kadi yake ni rais wa kampuni, akilini ni mtengenezaji, lakini moyoni ni mchezaji. Nadhani ndiyo maana hakuona vibarua. Aliona watu walioacha kucheza kwa sababu kontrola ilikuwa imeota vifundo vingi kuliko vidole vyao, na wengine ambao hawakuwahi kualikwa.

Hata hivyo, mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Kwenye maonyesho ya E3 ya 2008 Nintendo walipanda jukwaani na Wii Music, watu wazima wakipunga rimoti hewani kana kwamba wanapiga ngoma na saksafoni zisizokuwepo, na kwa dakika zile hata mimi mtetezi nilitaka kuzima skrini. Kama kuna wakati ambapo kampuni yenyewe iliamini lebo, ni pale. Wii Sports ilikuwa gemu zuri ambalo kila mtu aliweza kulielewa. Wii Music ilitengenezwa kana kwamba anayeelewa haraka hahitaji gemu lenyewe.

Na walipoanza kusikia lawama za wachezaji sugu wakaamini lebo kutoka upande wa pili. Wii U ilitoka mwishoni mwa 2012 ikiwa na kontrola kubwa yenye skrini katikati na vifundo kila mahali, na msururu wa magemu mazito ambayo wenzao wa Xbox na PlayStation walikuwa wameshayacheza au wangeweza kuyacheza huko huko: Mass Effect 3, Batman: Arkham City, Call of Duty. Ujumbe ulikuwa kwamba kindakindaki wamesamehewa, warudi nyumbani. Kindakindaki walikuwa na nyumba yao tayari. Wale wa boulingi nao walidhani Wii U ni kifaa cha kuongeza kwenye Wii waliyonayo, na jina lile halikuwasaidia hata kidogo. Konsoli milioni 13.56, basi. Magemu kwa kila mashine? Kama 7.6, chini ya Wii. Sababu za anguko zilikuwa nyingi, jina likiwa la kwanza kwangu, lakini hesabu hiyo naipenda kwa sababu inaonyesha kuwa kumfukuzia "mteja wa kweli" hakukuleta hata huyo mteja wa kununua sana aliyeahidiwa.

Kitu kingine kinachonichekesha kuhusu lebo hizi ni kasi ya kuchakaa kwake. Leo mtu akikwambia anacheza World of Warcraft, gemu la kucheza na wengi mtandaoni, unamwona kama mtu aliyezama. Ilipotoka 2004, waliotoka EverQuest, gemu la aina hiyo hiyo lililoitangulia, waliiita ya watoto. Kwenye EverQuest ukifa unapoteza sehemu ya ukuaji wako, unaweza hata kushuka levo, na mwili wako unabaki ulikoangukia pamoja na mali zako, uukimbilie ukiwa karibu mtupu katikati ya wale wale waliokuua. World of Warcraft ikakupa mzimu unaokimbia kuurudia mwili, mali iko salama, unalipa tu ukarabati. Ikaongeza jambo la kikazuali kuliko yote: ukizima na kwenda kulala, mhusika wako akipumzika kwenye nyumba ya wageni anajikusanyia ziada ya kukua kwa haraka ukirudi. Gemu linalokulipa kwa kutolicheza! EverQuest haikuwahi kufikisha wanachama milioni moja. World of Warcraft ilipita milioni 12 mwaka 2010.

Na hao hao walioingizwa kwa urahisi ndio waliojikuta kwenye vikosi vya watu 40 wakivamia pango la Molten Core usiku wa manane, wakiwa na ratiba, zamu, daftari la mahudhurio, na kiongozi anayefoka. Mlango laini uliwapeleka ndani kabisa.

Tetris nayo. Gemu la kungojea basi, sivyo? Desemba 2023 kijana wa miaka 13 huko Marekani alilicheza toleo la NES la 1989 mpaka levo ya 157, programu ikashindwa kuendelea na kuganda. Ni binadamu wa kwanza kujulikana kulifikisha hapo; kabla yake ilikuwa kazi ya roboti tu. Vipande ni vile vile saba ambavyo watu wengine huvipanga huku wakizungumza na simu. Basi mnaponiambia gemu fulani ni kazuali, nauliza: mikononi mwa nani, na saa ngapi?

Ubishi huu una kona moja chungu, nayo ni dhihaka. Imeingizwa ndani ya magemu yenyewe tangu zamani. Wolfenstein 3D ya 1992, ukichagua kiwango chepesi kabisa, inakuonyesha shujaa wako akiwa na kofia ya kichanga na chuchu ya mpira mdomoni, na jina la kiwango ni swali la mtoto kwa baba yake kama naye anaweza kucheza. Ninja Gaiden Black ilimsubiri mchezaji afe mara kadhaa, ndipo ikampa kiwango kilichoitwa Ninja Dog na utepe wa kuvaa, aibu ya kutembea nayo. Nilicheka kote kuwili, nikiwa upande wa wanaocheka. Kejeli hizo zinachekesha kama una vidole vizima na muda wa kutosha.

Celeste ya 2018 ndiyo iliyonikata kicheko. Ni gemu la kupanda mlima, gumu mpaka meno yanauma, ambalo liliuza zaidi ya milioni moja, na ndani ya menyu yake kuna modi ya msaada: unaweza kupunguza mwendo wa gemu zima, kujiongezea miruko ya hewani, hata kuamua usife kabisa. Hakuna chuchu ya mpira. Nilikuwa nimeumia kifundo cha mkono wakati ule, nikapunguza mwendo kwa sura moja, nikamaliza, nikaurudisha. Sikujisikia kibarua wala mfalme. Nilijisikia mtu aliyepanda mlima na mkono unaouma.

Hapa ndipo mpinzani wangu anapotoa Elden Ring mfukoni kama karata ya mwisho. Gemu gumu, halina kiwango chepesi, na limeuza zaidi ya milioni 30. Hadikoo limeshinda!

Nimelicheza Elden Ring, na nililigonga lile lango la Margit, adui mkubwa wa mwanzo anayeziba njia, mpaka nikamjua kwa kikohozi chake. Halafu nikafanya kile ambacho Dark Souls ya kwanza, gemu la watengenezaji hao hao, haikuniruhusu kirahisi: nikageuza farasi nikaondoka. Nikaenda kusini, nikazunguka magofu, nikaokota vitu, nikakua, nikapata mizuka ya kuiita inisaidie kupigana, nikarudi baada ya siku kadhaa nikamtandika bila jasho jingi. Elden Ring halina menyu ya ugumu kwa sababu limeusambaza urahisi wake kwenye ramani: farasi, mizuka, wachezaji wengine unaoweza kuwaomba msaada, uhuru wa kwenda kwingine. Mfululizo mzima wa Dark Souls, magemu matatu, ulikuwa umeuza milioni 27 kufikia 2020, miaka karibu tisa baada ya la kwanza. Elden Ring limeshapita hapo peke yake kwa muda mfupi zaidi. Wapo wanaosema kutumia mizuka ni kudanganya, na nawaelewa sana, maana nami niliwahi kumfufua Donnel mara kumi na moja nikajiita Classic.

Kwenye simu lebo zinapinduka kabisa, nami sitakaa sana huko kwa sababu huko hasira zangu ni za aina nyingine. Candy Crush Saga ni kielelezo cha kila mtu cha ukazuali, na mwaka 2016 Activision Blizzard, nyumba ya Call of Duty na Warcraft, iliinunua kampuni yake, King, kwa dola bilioni 5.9. Magemu ya namna hiyo hupakuliwa bure, wengi hawalipi hata senti, na sehemu kubwa ya pesa hutoka kwa wachache wanaolipa sana, ambao biashara hiyo huwaita nyangumi. Mtu anayeamka saa kumi usiku kwa sababu maisha matano yamejaa tena, na analipa ili asisubiri, na yuko levo ya elfu kadhaa: huyo umwite nani? Kama kuna mtu aliyejitoa kwa gemu ni yeye. Ila gemu lake lina peremende, kwa hiyo hayumo kwenye daftari.

Majuzi nililitoa 3DS kwenye droo, likachajika, nikaamua kuianza Awakening upya. Menyu ikaniuliza. Safari hii nikasogeza kishale kwa utulivu wa mtu mzima, nikachagua Casual. Nina kazi, nina usingizi wa kulinda, na kifo cha sufuria kisinipotezee jioni.

Vita ya tano au ya sita nikamwacha Donnel mraba mmoja mbele. Mpanda farasi yule yule, au ndugu yake, akaja. Sufuria chini. Maandishi yakatokea kuniambia anajiondoa vitani, na nilijua kwamba vita ikiisha nitamkuta kambini mzima, akitabasamu, na mkuki wake begani.

Nikatazama skrini kidogo. Kisha nikabonyeza L, R na Start.